Mji Uliofukia Kisima Chake

Sina mazoea ya kulala mchana. Lakini siku ile nilirudi nyumbani saa tisa alasiri, jua likiwa bado linachoma, nikavua viatu mlangoni na kujitupa kwenye mkeka wa sebuleni bila hata kunywa maji, maana kichwa kilikuwa kinapasuka kwa hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Asubuhi barua ilikuwa imefika ofisini kwetu, halmashauri ya mji wa Kilindo, ambako mimi, Leokadia Mbunda, nimekuwa afisa mipango kwa miaka kumi na mmoja. Wafadhili walikuwa wamelikataa andiko letu la kuomba daraja la miguu katika Korongo la Mwasi, na hiyo ilikuwa mara ya tatu. Hawakusema andiko ni baya. Walisema tu kwamba mwaka huu fedha zao zinakwenda kwenye nishati ya jua. Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia kwa ncha za vidole.

"Bi Mipango, andika upya. Weka sola."

"Sola kwenye daraja, mkurugenzi?"

"Taa. Taa za sola pande zote mbili, daraja lenyewe liwe la kushikilia hizo taa. Wewe ndiye fundi wa maneno, au mpaka nikufundishe?"

Nilikuwa bado nimeishika barua ile Stamili Mkwera alipobisha hodi. Stamili ni mama wa mtaa wa Mwasi, ng'ambo ya korongo, anauza mihogo ya kukaanga. Mdogo wake, Tunu, alisombwa na maji masika ya mwaka jana, akivuka kwa miguu kwenda kliniki, mimba yake ina miezi saba. Nilikwenda msibani siku ya tatu nikiwa na kamera ya ofisi. Nikapiga picha kanga ya marehemu, iliyokutwa imenasa kwenye mizizi chini ya korongo, nikaiweka ukurasa wa kwanza wa andiko. Stamili aliniruhusu, kwa kuwa nilimwambia picha ile ndiyo itakayoleta daraja.

"Dada, masika hayo yanakuja," alisema, kiti nilichomwonyesha hakukitazama. "Daraja limefika wapi?"

"Tunalifuatilia, mama. Tuvute subira kidogo."

"Subira gani tena? Mwaka juzi tulikusanya mawe, tukakusanya mchanga, fundi tunaye hapo hapo mtaani. Mkatuletea barua tusijenge. Viwango, mkasema, viwango! Haya, viwango vyenu viko wapi? Na picha ya mdogo wangu mmeipeleka wapi?"

Nilimwambia arudi wiki ijayo. Aligeuka akaondoka bila kuaga, na mtu wa Mwasi asipoaga ujue amekutoa katika hesabu ya watu.

Basi nikiwa juu ya mkeka ule, usingizi ulinizamisha kama mtu aliyevutwa miguu, nikaota. Niliota ninatembea kwenye uwanda wa udongo mwekundu, upepo ukinisukuma mgongoni, mpaka nikafika kwenye mji ambao nyumba zake zote zilielekea upande mmoja. Kila mlango, kila dirisha, kila kibaraza kilitazama barabara kuu inayotoka mbali, na nyuma ya nyumba hapakuwa na hata tundu la kuchungulia, ingawa huko nyuma ndiko yalikokuwa mashamba, mapana, meusi kwa rutuba, yamemezwa na magugu. Watu walikaa vibarazani wakitazama barabara. Walikuwa wameitazama miaka mingi hata shingo zao zikarefuka kama za ndege korongo, na watoto wao walikuwa wanazaliwa na shingo hizo hizo. Niliwaamkia, wakaniitikia bila kugeuza nyuso.

"Usiwasumbue," ilisema sauti ubavuni mwangu. "Wanaogopa wakigeuka tu, ndipo atapita."

Aliyesema alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga kibwebwe, mikono imekauka kwa kazi, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia akamaliza. Nikamuuliza yeye ni nani na huyo anayengojewa ni nani.

"Anayengojewa wanamwita Mgeni. Mimi ni Hasira. Usirudi nyuma; watu hunidhania kuwa ndugu yake Chuki, lakini Chuki hana mama, naye huzurura akichoma vya watu. Mimi nimezaliwa na Haki, na siji ila nimetumwa. Leo nimetumwa kwako. Fuata, na utakachokiona usikigeuze maneno kabla hakijakuuma."

Tukaenda hadi uwanja wa katikati, ambako bwana wa mji alikuwa ameketi. Jina lake lilikuwa Utegemezi. Nilitarajia kuona jitu la kutisha, nikaona mzee mpole mwenye sauti ya kubembeleza, viganja vyake laini kama vya mtoto wa wiki moja, na kila aliyempita alimpapasa kichwani akimwambia, "Pumzika, mwanangu, usijichoshe." Watu walikuwa wamekusanyika, naye akawatangazia kwamba habari imefika: Mgeni yuko njiani, na mwaka huu moyo wake umeelekea kwa wenye kiu. Umati ukashangilia. Hapo nikaona kuwa wengi wao walikuwa wamefungwa vitambaa machoni, nikamuuliza Hasira wale wamepatwa na nini.

"Mwaka uliopita Mgeni alisikika akiwahurumia vipofu," alijibu. "Wakajifunga macho wote, wazima kwa wagonjwa. Hakuja. Wengine wamevifungua vile vitambaa. Hawa wengine wameshasahau kwamba ni vitambaa."

Kisha watu wakashika majembe, nami moyo ukanipanda kwa furaha, nikidhani wanakwenda shambani hatimaye. Walikwenda kisimani. Nyuma ya uwanja palikuwa na kisima kirefu, kimejengewa mawe kwa ustadi, maji yake yakimetameta juu juu kiasi cha kuchotwa kwa kiganja, na watu wale walijipanga mstari, wakaanza kukifukia. Walifukia wakiimba. Pembeni alikaa msichana mwenye mabega mapana, amefungwa mikono na miguu kwa vitambaa vya hariri, akilia kwa sauti, "Msifukie! Nimekichimba kwa miaka saba! Kunyweni tu, kunyweni!" Nikaambiwa huyo ni Jitihada, binti wa mji ule ule, aliyefungwa na watu wake mwenyewe kwa amri ya yule mzee mpole. Juu ya mawe ya kisima palibandikwa tangazo: NI MARUFUKU KUCHOTA. KISIMA HAKIJAFIKIA VIWANGO.

Mwanamke mmoja mjamzito alijitoa kwenye umati, akipepesuka, midomo imepasuka kwa ukavu, akaomba kata moja tu ya maji kabla hayajapotea. Waliokuwa wakifukia wakamzuia, tena kwa upole, kama watu wanaomfanyia hisani.

"Vumilia, mama. Mgeni akikukuta midomo imelowa, atatuonaje sisi? Atasema hatuna shida."

"Lakini shida ninayo," alisema yule mama. "Na maji yale pale."

"Ndiyo maana tunakwambia uvumilie."

Akaanguka. Nilitaka kumkimbilia, lakini mtu mmoja alinitangulia, amevaa nadhifu, ulimi wake ukichuruzika asali mpaka kifuani. Jina lake Ufasaha. Akanyoosha mikono kuwazuia waliotaka kumwinua. "Msimsogeze! Hapo hapo alipoanguka panafaa. Mwandishi! Mwandishi yuko wapi? Andika kabla hajakata roho, baadaye rangi ya uso inabadilika!" Nikatazama kushoto na kulia nimwone huyo mwandishi, nimtemee mate. Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Kwa mara ya kwanza shingo zile ndefu zilikuwa zimegeuka, na mkononi mwangu palikuwa na kalamu, wino wake umeshalowesha vidole hadi kwenye kifundo.

Vumbi likatimka barabarani, mtu akapaza sauti, "Amekuja!" Nilidhani atakuja na msafara. Alikuja peke yake, amechoka, viatu vimejaa vumbi, na begani amebeba taa moja. Akawaamkia watu, akawauliza swali moja, "Mna nini hapa?" Umati ukababaika. Walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kujibu swali la mnakosa nini. Utegemezi akasogea, akainama, akasema, "Bwana, hatuna. Hatuna chochote." Mgeni akatazama mahali palipokuwa na kisima, akaona tuta la udongo mbichi. Akatazama pale alipokaa Jitihada, naye walikuwa wamemfunika mkeka. Akatingisha kichwa kwa huruma, akaweka taa yake juu ya tuta, kwa kuwa taa ndiyo aliyokuwa nayo, akaendelea na safari. Na wale watu wakapiga vigelegele kuizunguka taa ile mchana kweupe, huku yule mama amelala chini, hakuna aliyemfunga hata kidevu.

"Mwovu ni huyu Mgeni!" nilimpigia kelele Hasira. "Kwa nini hakuuliza zaidi? Kwa nini hakufukua?"

"Lawama yake anayo, nayo itamfika kwa mlango wake," alisema. "Lakini kisima alikikuta kimefukiwa. Na wala usiniambie kwamba kuomba ni dhambi. Mwenye mzigo mzito humwita jirani amtwishe, na jirani mwema huja. Lakini anayekata mkono wake ili aonewe huruma, huyo haombi; huyo anamuua aliyekuwa analishwa na mkono ule. Mji wowote unaweza kunyoosha kiganja. Uulize kwanza mkono wa pili unafanya nini."

"Basi mwovu ni Utegemezi. Yeye ndiye aliyetoa amri."

"Alitoa kwa mdomo." Akanishika shingo kwa nyuma, akanisogeza hadi kwenye lile tangazo la kisimani, karibu mpaka pua ikagusa karatasi. "Soma mwandiko. Utegemezi hajui kuandika."

Niliusoma. Niliijua ile K yenye mkia mrefu, na ile nukta ninayoikandamiza mpaka karatasi inatoboka. Nikataka kusema kwamba niliagizwa, kwamba nina mkubwa wangu, nina watoto wanaosoma, lakini kila nilipofungua kinywa ilitoka asali, ikanitiririka kidevuni. Hasira akanikaza kifundo cha mkono, kilichokuwa cheusi kwa wino, akakaza hadi nikasikia mfupa, nikapiga ukelele. Ukelele ule ndio ulioniamsha.

Jua lilikuwa halijatua. Majirani walikuwa wanatwanga kisamvu uani, mchi ukipiga kinu polepole. Nilikaa kitako kwenye mkeka, na maana ya ndoto haikunihitaji kuitafuta; ilikuwa imekaa mbele yangu kama mtu anayedai jibu. Ile barua ya kuwakataza watu wa Mwasi wasijenge niliiandika mimi. Mhandisi wetu alikwishaupima mpango wao, akasema kwa kuvuka watu wa miguu unatosha, hata akawasifia. Viwango havikuwa na neno. Ila tulikuwa tumeshaanza kuandaa andiko, na mkurugenzi akaniuliza, "Hawa wakijijengea, sisi tutaomba nini?" Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, kisha nikaenda mezani kwangu nikalitafuta neno lenye heshima, nikalipata: viwango. Hicho kilikuwa kiangazi cha mwaka juzi. Masika yaliyofuata Tunu akaingia majini na mimba yake. Na mimi niliyeyazuia mawe nikaenda msibani na kamera, nikamwambia dada wa marehemu amwachie Mungu msiba wake na anipe mimi ruhusa.

Miaka hiyo yote nilikuwa nimekasirika: nawakasirikia wafadhili kwa vigeugeu vyao, mkurugenzi kwa sola zake, serikali, mvua. Hasira ilikuwa yangu kihalali, lakini nilikuwa naizungusha mji mzima ili isifike nyumbani. Nikavaa viatu. Sikubeba faili wala kamera. Nilishuka korongoni, nikavuka mkondo mkavu wenye mawe yaliyolainishwa na maji, nikapanda ng'ambo, nikamkuta Stamili anageuza mihogo kwenye karai.

"Umesema wiki ijayo," alisema.

"Nimekuja kusema jambo, mama. Ile barua ya kuwazuia ni mimi niliyeiandika. Habari ya viwango ilikuwa uongo. Mhandisi aliukubali mpango wenu. Tuliwazuia ili korongo libaki bila daraja, tuwe na kitu cha kuombea."

Mwiko ulisimama. Mafuta yaliendelea kuchemka, mihogo ikaanza kuungua, wala hakuigusa. Nilingoja anitukane au anirushie lile karai, na ningelipokea.

"Mwaka mzima," alisema hatimaye, sauti yake ikiwa ndogo mno, "mwaka mzima nimeuchukia mto."

Kisha akaepua karai, akaita majirani, jina kwa jina, mlango kwa mlango, na walipofika akaniambia, "Sema tena. Kama ulivyoniambia mimi." Nilisema. Wengine walichelewa, nikasema tena. Mzee mmoja alikaa chini ghafla. Hakuna aliyenigusa. Jumatatu mkurugenzi alinikabidhi barua ya kunisimamisha kazi, nami niliipokea, na siku hiyo hiyo watu wa Mwasi walikuwa korongoni na majembe na toroli, wanajenga bila kibali chetu. Nilikwenda nikasimama ukingoni tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna aliyenitaka nishike hata jiwe moja.