Salamu Ambazo Hazikutumwa

"Wapangaji wote wa Jengo la Mafundi wanatangaziwa kwamba kitasa cha mlango wa Ukumbi Namba Mbili sasa kinafunguliwa kwa kusukumwa chini, na si juu kama ilivyokuwa awali. Usumbufu wowote utakaojitokeza unasikitikiwa mapema."

Tangazo hilo lilikuwa na mihuri miwili. Kitinda alilisoma mpaka mwisho, kisha akasukuma kitasa juu.

"Chini," akasema Mlezi nyuma yake.

Aliitwa Kitinda kwa kuwa ni kitindamimba wa wazazi viziwi, na jina la nyumbani lilimfuata kazini kama paka anavyomfuata muuza samaki. Alikuwa amehitimu ukalimani wa lugha ya alama muda si mrefu, na chama cha wakalimani kilikuwa kimemkabidhi kwa mwanamke huyu, ambaye angeketi nyuma yake katika kila kikao hadi atakapoamini kwamba kijana anaweza kuachwa peke yake. Mlezi hakuwa mwepesi wa kuamini. Kila kikao kilipokwisha aliuliza swali lilelile: "Leo umesema nini ambacho hakuna aliyekisema?"

Swali lilikuwa na sababu. Kitinda aliyajua maneno ya mikono kabla ya kuota meno, na tangu utotoni ndiye aliyekuwa mdomo wa mama yake dukani, zahanatini na uani. Mama alipomwambia jirani kwa ishara kali kwamba umbea wake unatosha kukausha nguo bila jua, mtoto alitafsiri: "Mama anakusalimu sana." Mtaa mzima uliamini kwamba yule ndiye mwanamke mpole kuliko wote waliowahi kupanga pale. Mwenyewe hakuwahi kupata habari hizo.

Siku hiyo walikuja kwa ajili ya Fundi, mshonaji kiziwi aliyekuwa na chumba chenye madirisha mawili upande wa mbele wa jengo. Kamati ya Wapangaji ilitaka kumhamisha. Fundi alikuwa amekwisha kukaa palipo na mwanga, mgongo ukiwa ukutani, ili aone kila uso. Kitinda akaketi kando ya Mwenyekiti, akitazamana na Fundi. Mlezi akakaa nyuma ya bega la kijana.

"Kamati imelitazama suala hili kwa jicho la huruma," akaanza Mwenyekiti, mwanamume aliyezungumza kana kwamba kila neno lake lingechongwa kwenye jiwe. "Chumba kilicho jirani na jenereta kimekataliwa na mafundi wote kwa sababu ya kelele. Sasa, mama yetu huyu kelele hazimhusu. Kwa nini tusimpe?"

Wajumbe walitikisa vichwa kukubali, kama watu waliogundua kwamba haki ni jambo rahisi.

Kitinda aliyafikisha maneno hayo kamili. Maneno ya wanaosikia hakuwahi kuyapunguza. Huruma yake ilikuwa ya upande mmoja.

Mikono ya Fundi iliruka. "Mwambie hivi: kama kelele hazinihusu kwa kuwa mimi ni kiziwi, basi kamati hii ihamie chumba cha mifagio, maana akili haiwahusu. Kile chumba hakina dirisha. Mimi nasema kwa mikono. Nikiwekwa gizani nimefungwa mdomo. Na sakafu inatetemeka, sindano inaruka. Nani atavaa suti yenye mshono wa nyoka? Sihami, hata wanibebe pamoja na cherehani!"

Kitinda alimwona Mwenyekiti, akauona mdomo wake ukingoja kuheshimiwa, na ulimi wake ukarudi uani kwa mama yake.

"Nashukuru kwa kufikiriwa," akatafsiri. "Kuna changamoto ndogo ya mwanga, ila naiamini hekima ya kamati."

Mwenyekiti akatabasamu hadi jino la mwisho. "Huu ndio ustaarabu! Katibu, andika: mhusika ameshukuru na kuridhia kuhama."

Fundi hakusikia neno hata moja, lakini tabasamu aliliona, na maisha yote alikuwa akisoma nyuso za watu wasiojua kwamba wanasomwa.

"Nimemtukana, naye anacheka," akasema kwa mikono. "Mwanangu, umempa nini?"

Kitinda akageuka. Mlezi alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, kisha mikono yake ikasema: "Aseme nani? Wewe, au mimi?"

Mjumbe hauawi, wahenga walisema. Hawakusema lolote kuhusu mjumbe aliyebadili ujumbe njiani. Kitinda alimfikiria mama yake, aliyeishi miaka mingi pale uani bila kugombana na mtu, na kwa hiyo bila kupatana na mtu. Asiyeweza kugombana na jirani hana jirani; ana watu wanaolala karibu.

Kwanza akamweleza Fundi alichokifanya.

"Rekebisha," akajibu Fundi. "Mimi na wewe tutagombana baadaye."

Kitinda akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mkalimani amekosea. Hakuna aliyeshukuru, wala hakuna aliyeridhia. Naomba kurudia maneno ya Fundi kama alivyoyasema."

Akayarudia yote, mifagio, akili na nyoka, kwa sauti ileile iliyokuwa kwenye mikono ya Fundi. Mjumbe mmoja alipaliwa na kicheko akakigeuza kikohozi, bila kumdanganya mtu.

"Kijana, unanitukana?" akauliza Mwenyekiti.

Kitinda akayatafsiri hayo pia, na jibu la Fundi lilipokuja akalisema lilivyo: "Si yeye. Ni mimi. Nitazame mimi."

Mwenyekiti alitafakari kidogo ni nani hasa anayezungumza. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze, akamgeukia Fundi.

"Chumba kile hakina dirisha? Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Na mshono wa nyoka ndio upi huo?"

"Kama huo wa kola yako. Nani alikushonea?"

"Kola yangu imefanya nini?"

Basi wakagombana vizuri, kama watu wanaofahamiana, mpaka Katibu akaomba wapumzike ili kamati ishauriane. Tayari alikuwa ameifuta sentensi ya kuridhia kwa mstari mnene.

Pembeni, Fundi alimshika Kitinda sikio kama mwanawe, kisha akaliachia apate mikono yote miwili. "Ukinipaka asali tena, nitakushona mdomo. Mama yako anajua ulivyokuwa ukimfanyia?"

"Hajui."

"Kamwambie. Atakuchapa, halafu atataka umpeleke kwa jirani akaanze upya."

"Namwogopa."

"Vizuri. Hiyo ndiyo heshima."

Mlezi hakusifu. Alichukua mkoba wake, akahama kutoka nyuma ya bega la kijana na kwenda kuketi kwenye benchi la wasikilizaji, karibu na mlango, akafungua gazeti.

Kamati ikarejea. Mwenyekiti, akiwa ameifunika kola yake kwa mkono, akasoma uamuzi, na Kitinda akautafsiri neno kwa neno, bila kuuongezea akili:

"Kuhamishwa kwa Fundi kumesitishwa hadi kamati ndogo itakapothibitisha iwapo jenereta ina kelele. Kamati ndogo itakutana katika chumba husika, jenereta ikiwa imezimwa, ili wajumbe waweze kusikilizana."