Boti ya Mtoto wa Kati

"Wakazi wote wa Kitongoji cha Mferejini mnatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo, kuku yeyote atakayekutwa akitaga ndani ya chombo cha majini kilichopo katika kihamba cha marehemu Mzee Eliaichi atahesabika kuwa mvamizi, na mayai yake yatakuwa mali ya mwenye chombo. Asanteni kwa ushirikiano."

Mtendaji wa Kijiji, Bi Brenda, alilisoma tangazo hilo mbele ya ofisi yake kwa sauti ileile aliyoitumia kutangaza chanjo ya ng'ombe. Waliotaka kucheka walivumilia hadi walipofika kilabuni. Ndelilio, aliyeomba tangazo lisomwe, alisimama nyuma ya umati akiwa amevua kofia, kama mtu anayesikiliza ndoa yake ikitangazwa kanisani.

Chombo cha majini kilikuwa boti ya faiba, ndefu kama vitanda viwili na nusu, iliyolala kati ya migomba na mibuni mlimani juu ya soko la Kwa Sadala, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni yale yanayopita mferejini, na hayo hayafiki magotini. Ilifikaje huko ni habari ya Mzee Eliaichi mwenyewe. Alikuwa dereva wa mradi wa samaki katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Mradi ulipofungwa, kama ilivyo desturi ya miradi, wakubwa wake hawakuwa na kiinua mgongo cha kumpa, wakampa boti na injini yake. Mtu mwingine angaliiacha majini, ambako boti huwa na kazi. Lakini Mzee Eliaichi alikuwa Mmachame, Mchagga wa mlimani, na Mmachame hahitaji kufundishwa kwamba mali isiyofika nyumbani si mali. Kitu cha thamani hupandishwa mlimani, kiwe bati, ng'ombe wa maziwa au maiti. Akaipandisha boti, akaiweka katikati ya kihamba, shamba lake la urithi, akaitazama kwa muda mrefu, na kuridhika.

Alipozeeka aligawa kihamba kama baba zake walivyogawa. Jesse, kifungua mimba, alipata nusu ya juu. Eliona, kitinda mimba, alipata nusu ya chini pamoja na nyumba. Mtoto wa kati kwa kawaida hubarikiwa na kuambiwa kwamba dunia ni pana. Ndelilio alibarikiwa, akaambiwa hivyo, na kwa kuwa baba yake alikuwa mtu wa haki, akaongezewa boti.

Dunia ilikuwa pana kweli. Ndelilio aliitumikia serikali kama mtunza ghala mikoa ya mbali, akasomesha watoto, Evelyn akiwa wa kwanza, na alipostaafu akagundua kwamba alikuwa ametunza maghala yote isipokuwa lake. Akarudi na mkewe, Elizabeth, wakakaa katika chumba cha uani kwa Eliona. Eliona hakuwahi kuwaambia waondoke. Kila asubuhi aliwauliza tu kama wameamka salama, kwa namna kondakta anavyomwuliza abiria aliyepitiliza kituo. Ndelilio alilielewa swali. Kule bwawani watu walivuka kila siku kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, na mwenye boti ya injini hakukosa abiria wala pa kulala. Kama boti ya baba yake ingeelea, angekuwa mtu mwenye kazi na mlango wake mwenyewe. Kama isingeelea, angebaki mgeni hadi siku ya kuzikwa chini ya migomba, na hata hiyo migomba ilikuwa ya Eliona.

Wahenga walishauri kwamba ndugu wakigombana mtu achukue jembe akalime. Hawakusema afanye nini asiye na pa kulima. Ndelilio alichukua msasa.

Alianza kwa kuwahamisha kuku, ambao hawakuwa wamelisikia tangazo. Kisha akakwangua ukungu, mizizi na mavi ya miaka mingi hadi faiba ikaonekana, nyeupe kwa shida. Ubao wa nyuma, ule unaoibeba injini, ulikuwa umeoza kiasi cha kuchotwa kwa kijiko. Akamwomba Jesse tawi nene la mringaringa lililokuwa limevunjwa na upepo, akalipasua na kulichonga mwenyewe. Gundi na nyuzi za faiba aliziokota na kuzinunua chakavu kwa mafundi wa Moshi mjini wanaoziba bampa za mabasi. Walimuuzia mabaki baada ya kumsikia anatengeneza nini, kwa bei ya huruma ambayo watu humtoza mgonjwa. Rangi ilikuwa ile iliyobaki usharika ulipopaka paa la kanisa, kwa hiyo boti ikawa na rangi nyekundu ya kiroho.

"Mbe, mdogo wangu," Jesse alimwambia, akiwa ameegemea jembe lake, "Nuhu alipewa taarifa ya mvua. Wewe nani kakupa?"

"Nuhu alikuwa na bahati," Ndelilio alijibu bila kuinua kichwa. "Jirani zake wote walizama."

Injini ilikuwa imeganda. Ndelilio aliifungua juu ya gunia, akaisafisha kabureta kwa mswaki, akabadilisha plagi kwa ya pikipiki iliyolingana, na mpira wa pampu ya maji akauchonga kutoka kwenye kandambili. Injini ya boti haiwashwi pakavu, kwa sababu huungua. Sharti miguu yake iwe majini. Chombo pekee chenye kina cha kutosha kitongojini kilikuwa pipa la shemeji yake Kindness, mke wa Jesse, ambamo mbege, pombe ya ndizi ya kila sherehe, ilichachushwa. Aliliazima kwa ajili ya kuloweka kitu, maelezo ambayo hayakuwa ya uongo. Injini ikakohoa, ikatema moshi juu ya mibuni, ikanguruma ndani ya pipa hadi ng'ombe wa Eliona akakata kamba. Kindness alilisugua pipa kwa majivu siku nzima bila kumsemesha shemeji yake. Mbege iliyofuata ilisifiwa kuwa na nguvu.

Likabaki swali la matundu. Zamu ya Eliona ya maji ilipofika, Ndelilio aliomba aachiwe kidogo, akachepusha mfereji kwa magome ya mgomba na kuyaingiza maji ndani ya boti, kina cha kifundo cha mguu. Akaizunguka na kipande cha chaki, akichora duara kila alipoona tone likijitokeza nje.

"Kaka," Eliona alisema, "watu hutia boti majini. Wewe unatia maji botini."

"Bwawa liko mbali."

"Sasa ukijua yanatoka, umejuaje kwamba yangeingia?"

"Tundu halichagui upande, Eliona."

Elizabeth, aliyekuwa akimenya ndizi karibu, aliongeza kwamba kama angejua hayo kabla ya kuolewa, angemjaza maji bwana harusi kwanza. Ndelilio aliendelea kuchora. Maduara yalikuwa mengi, lakini kila moja lilizibwa, na zamu ya maji iliyofuata ubavu wa boti ulibaki mkavu. Aliupapasa kwa kiganja, kisha kwa kiganja kingine, kwa kuwa hakuuamini wa kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu alilala bila kugeukageuka, na Elizabeth alimtikisa kuhakikisha kwamba yu hai.

Furaha hiyo ilikuwa ya mapema. Siku iliyotangulia safari ya bwawani, waliinua boti na kuipandisha juu ya magogo ili ipate kuvingirishwa, na hapo ndipo watu walipoona kilichokuwa chini yake: udongo mweusi, laini, uliopumzika miaka mingi. Wakaona pia jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yao siku zote. Mpaka kati ya Jesse na Eliona ulikuwa mstari wa masale, mmea ambao Mchagga huupanda penye mpaka na ambao mtu mwenye akili timamu haung'oi. Mstari ulitoka mferejini, ukaja hadi kwenye pua ya boti, ukakoma. Ulianza tena nyuma ya injini, ukaendelea hadi barabarani. Mzee Eliaichi, alipogawa kihamba, hakuona sababu ya kuisogeza boti. Boti yenyewe ndiyo ilikuwa mpaka.

"Mpaka ni ubavu wake wa chini," Jesse alisema. "Baba aliniambia."

"Ni ubavu wa juu," Eliona alisema. "Baba aliniambia mimi, na wewe ulikuwa Arusha."

Inawezekana wote walisema kweli. Mzee Eliaichi alikuwa mpenda amani, na wapenda amani humwambia kila mtu anachotaka kusikia, kisha hufa.

Kipande chenyewe kingetosha migomba mitatu. Asubuhi, Primus, dereva aliyekubali kuibeba boti, alipofika na lori lake, akitoka kushusha mzigo sokoni Kwa Sadala na akielekea bwawani kuchukua samaki, aliwakuta ndugu wawili wamesimama mbele ya boti, bega kwa bega, wamekubaliana kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba yao. Boti isiondoke hadi mpaka ujulikane.

"Utajulikana lini?" Primus aliuliza.

"Halmashauri ya kijiji itakaa," Jesse alisema.

Primus alizima injini, akaiwasha tena. "Mimi nina samaki wa kuchukua, wazee. Samaki hawana halmashauri."

Ndelilio alikaa juu ya gogo. Alizijua halmashauri, alikuwa ametunza maghala yao. Boti ingerudi kuwa kiota, na yeye angerudi kuwa mtu wa chumba cha uani.

Elizabeth aliweka chini bakuli la ndizi. Alikwenda kwenye mstari wa masale akiwa na kisu cha kumenyea, akakata matawi kadhaa, akarudi. Boti ilikuwa bado juu ya magogo palepale ilipolala siku zote, na alama ya umbo lake ilionekana wazi juu ya udongo mweusi. Alichomeka sale la kwanza chini ya pua. La pili akalichomeka ubavuni, upande wa juu. La tatu upande wa chini.

"Mama Evelyn," Eliona aliita, sauti yake ikipanda, "unafanya nini?"

"Napanda."

"Unapanda wapi?"

"Pote, shemeji. Ninyi mna baba wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Nawawekea wote."

Aliizunguka boti yote, akiinama na kuinuka, hadi masale yakaonyesha umbo lake kamili. Jesse alinyoosha mkono kuelekea sale la karibu, akaurudisha. Sale lililopandwa haling'olewi. Kuling'oa kunavunja undugu, na wengine husema kunaleta mengine mabaya zaidi ambayo hawayataji. Kama sale lililochomekwa na mwanamke aliyeolewa tu katika ukoo, kwa kisu cha ndizi, lina nguvu hiyohiyo, hakuna aliyejua. Hakuna pia aliyetaka kuwa wa kwanza kujua.

"Sasa boti ikiondoka," Elizabeth alisema, akipangusa kisu kwa khanga, "mpaka unabaki. Mtagombana vizuri zaidi mkiwa na nafasi. Haya, sogeeni. Primus, mwanangu, leta kamba."

Wakasogea. Baada ya muda, kwa kuwa boti ilikuwa nzito na kusimama bure ni aibu, wakasaidia kusukuma.

Moshi mjini askari wa barabarani aliwasimamisha, akaitazama boti nyekundu juu ya lori, akauliza kama kuna mafuriko ambayo hajaarifiwa. Primus alimwambia bado. Wakaachiwa.

Bwawani maji yalikuwa ya kijivu na tulivu, na yalikuwa mengi kuliko Ndelilio alivyoyakumbuka. Boti iliteremshwa juu ya magogo, ikasita ufukweni kama ng'ombe asiyeijua njia, kisha ikaingia. Ilizama kidogo nyuma. Ikainuka. Ikatulia. Alipanda, akapiga magoti, akapitisha mkono sakafuni kutoka pua hadi kwenye ubao wa mringaringa, akaukagua mkono. Ulikuwa na vumbi.

"Vipi?" Elizabeth aliita kutoka nchi kavu.

"Pakavu."

"Kabisa?"

"Kuna vumbi, Mama Evelyn. Vumbi!"

Alilitamka neno hilo kama watu wengine wanavyotamka jina la mtoto aliyepona. Elizabeth alivua viatu, akaingia majini hadi magotini, akavutwa ndani ya boti. Injini iliwaka mara ya tatu, na kandambili ikafanya kazi yake.

Kabla mwezi haujaisha walikuwa na chumba karibu na gati, chenye mlango wao na kufuli lao, na abiria waliolalamika kuhusu kila kitu isipokuwa boti. Eliona alishuka kuwatembelea, akavushwa bure, na jioni Ndelilio alimuuliza kama ameamka salama. Swali lilikuwa na miaka miwili ya riba. Eliona alicheka hadi akakohoa.

Ndelilio alikuwa katikati ya bwawa, na abiria wake na mbuzi mmoja, simu ilipolia. Alikuwa Bi Brenda.

"Shikamoo mzee. Halmashauri ilikaa jana. Napaswa kukusomea, kwa kuwa wewe ni mhusika."

"Marahaba. Soma, Mtendaji."

Alizima injini ili asikie. Boti ilielea yenyewe, bila haraka, na sauti ya Bi Brenda ikabadilika kuwa ile ya chanjo.

"Halmashauri ya Serikali ya Kijiji, baada ya kufika eneo la mgogoro, kukagua masale na kupata chakula cha mchana, imeamua kama ifuatavyo. Kwa madhumuni yote ya mpaka, boti ihesabike kuwa bado ipo mahali pake pa awali. Ndugu Jesse na ndugu Eliona waiheshimu. Na mmiliki wake, ndugu Ndelilio, anaagizwa kuendelea kuwazuia kuku kutaga ndani yake."