Pasi Iliyoshika Kitambaa

Mama Mkubwa alipoingia kukipanga upya chumba cha cherehani, hakuomba ruhusa ya mtu. Ndiyo tabia yake. Ni dada yake Mama, wote wawili mafundi wa nguo, na tangu utotoni alikuwa akimtandikia mwenzake kitanda kisha anamgombeza kwa kutokitandika.

Chumba kilikuwa cha Mama miaka yote ninayoikumbuka: vitambaa kwenye mifuko, vifungo kwenye makopo ya maziwa, mkasi popote ulipoangukia. Kisha kiharusi kikampiga na mkono wa kulia ukalala. Ulimi ulirudi upesi, na ukali wake wote, tukamshukuru Mungu. Mkono haukurudi. Cherehani ikafunikwa shuka, nasi tukajifunza kupita mlango ule bila kutazama ndani.

Mama Mkubwa alitazama. Akahamishia kila kitu kushoto. Mkasi aliutundika kwenye msumari wa kushoto, sindano akazitunga uzi mapema na kuzichomeka kwenye kimto, vifungo akavitenga kwa rangi katika droo zinazovutika kwa kidole kimoja. Na kwa kuwa mkono mmoja hauwezi kushona huku umeshika nguo, alileta pasi yake kuukuu iliyoungua waya, akaiweka mezani iwe inakandamiza kitambaa.

"Sasa huna kisingizio," alimwambia Mama.

"Kisingizio ninacho, kinaning'inia hapa begani."

Lakini alikaa.

Nilikuwa na mimba ya kwanza, na Mama akaamua kumshonea mjukuu kigauni cha kuzaliwa, kwa sindano, kwa mkono wa kushoto. Fundi aliyekuwa akivalisha harusi nzima sasa alimaliza asubuhi kwenye mshono wa urefu wa kidole. Uzi ulifanya mafundo. Alijidunga. Aliitukana sindano, kisha akanitukana mimi niliyekaa kimya.

"Kawia ufike," Mama Mkubwa alimwambia.

"Nikifika, huyo mtoto atakuwa ameshaoa."

Kila mchana Mama alimkabidhi dada yake kazi ya siku ile ili aipige kwa pasi nyingine iliyo nzima, kisha yeye mwenyewe akaenda kulala. Jioni Mama Mkubwa alimletea imekunjwa vizuri. "Tazama. Mshono wa leo umenyooka kuliko wa jana." Kweli ulikuwa umenyooka. Mama akaanza kuamka mapema, akaanza kula, akaomba nimsuke nywele. Mteja wake wa zamani alipokuja kumjulia hali, Mama alimwambia alete kitambaa mwakani. Nilifurahi, na mtu mwenye furaha hachunguzi.

Siku moja Mama Mkubwa alikwenda hospitali kupima presha. Mama aliniomba kigauni, akakigeuza ndani nje. Siku zote alisema nguo husomwa kwa ndani. Akapitisha kidole juu ya mshono wa bega, akasita, akaurudia.

"Njoo uone," alisema. "Mimi siku hizi nashona kutoka kushoto kwenda kulia. Nyuzi zangu zinalalia huku. Hizi zinalalia kule."

Nilizitazama. Mishono midogo, iliyolingana, ya mtu mwenye mkono wa kulia mzima. Mama Mkubwa alikuwa akifumua kazi ya mdogo wake kila mchana na kuishona upya.

Tangu augue, Mama alikuwa hajalia mbele yetu. Siku ile alilia. Aliuweka mkono wa kushoto mapajani, akauangalia kama mtoto aliyerudi na matokeo mabaya. "Nilidhani umejifunza," akauambia.

Mama Mkubwa aliporudi alikikuta kigauni mezani, ndani nje. Alikaa bila hata kuvua mtandio.

"Mishono yangu iko wapi?" Mama aliuliza.

"Niliifumua. Ilikuwa inaachia, na usipoziba ufa..."

"Sijakuuliza methali, dada."

Mama Mkubwa akauvua mtandio, akaukunja, akaukunjua tena. Mwishowe akasema, "Niliogopa utaacha, mdogo wangu. Nilikuona ulivyolala umegeukia ukuta. Niliogopa utarudi kule."

"Ningeacha, ningekuwa nimeacha mimi. Sasa hata sijui nimefika wapi."

Nasema kweli, saa ile nilimchukia Mama Mkubwa na kumhurumia pamoja. Mama akaomba wembe. Akafumua ile mishono mizuri, mmoja baada ya mwingine, mpaka jua likazama, na dada yake akiwa amekaa pale pale, mikono mapajani, amekatazwa kusaidia.

Asubuhi yake Mama alianza upya. Mishono ikarudi kupinda.

Mwanangu alizaliwa kigauni hakina hata pindo. Mama alipokata uzi wa mwisho, mtoto alikuwa tayari anakaa mwenyewe. Tulijaribu kumvika. Kikakwama kwenye paji la uso, naye akapiga yowe. Nilikivua nikiogopa kumtazama Mama.

Alikuwa anacheka. Alikichukua kigauni, akakigeuza ndani nje, akapitisha kidole kuanzia shingoni, ambako mishono ilikwenda kilevi. "Hapa nilikuwa sijui kitu." Kidole kikateremka mbavuni, kikafika kwenye pindo. Pale mshono ulikuwa umekaribia kunyooka, na nyuzi zote zilikuwa zimelalia huku. "Hapa nimeanza kujua."

Akakitia kwenye droo ya chini, akatandaza kitambaa kipya mezani. "Tukate cha mtoto wa miaka mitatu."

"Mama, huyu hata kutambaa bado."

"Naujua mwendo wangu."

Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Tangu siku ya wembe alikuwa akija, anafagia, anatunga sindano uzi, anaondoka. Aliingia, akaiweka pasi juu ya pembe ya kitambaa kama kawaida.

Mama aliitazama ile pasi. "Ondoa hiyo, dada. Shika wewe. Ila ushike tu."

Mama Mkubwa akaiteremsha pasi chini. Akakishika kitambaa kwa mikono yote miwili, na Mama alipochoma sindano, yeye akageuzia uso dirishani, asije akauona mshono.