Fundi Mstari Apaka Chumba cha Dada

Mtaani walimwita Fundi Mstari, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alikuwa akipanda ngazi, anashika pumzi, anaivuta brashi kona hadi kona pale ukuta unapokutana na dari, na mstari unatoka umenyooka kama uliopigwa rula. Teepu ya kuzibia kingo hakuigusa maisha yake yote. Aliiita gundi ya waoga.

Kisha asubuhi moja kiharusi kikamwangusha akiwa kazini. Hospitali alitoka akitembea kwa fimbo, ulimi mzima, lakini mkono wa kulia, ule wenye ufundi wote, ulirudi nyumbani kama mgeni: umekaa tu, kazi haufanyi. Vifaa vyake vikarundikwa chumba cha nyuma. Akafunga mlango, akampa mkewe ufunguo, akasema hataki kuviona tena. Mkewe, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye hata mumewe humwita Mwalimu, aliupokea ufunguo bila kubishana.

Ilipita miezi minane, ndipo dada yake akapiga simu. Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni hadi miguu ya mtoto ikawa inaburura chini na watu wakawa wanawacheka wote wawili. Sasa macho yake yalikuwa yamepungua nuru, na mwezi huo alikuwa amejikwaa mara tatu.

"Mdogo wangu, kukaa peke yangu kumenishinda," alisema. "Mna pembe ya kuniweka?"

"Dada, hilo nalo la kuuliza? Jumamosi uwe hapa."

Alipokata simu akakumbuka kwamba pembe yenyewe ni kile chumba cha nyuma, chenye kuta zilizobambuka na doa la unyevu chini ya dirisha.

"Tutafute fundi," alimwambia mkewe.

"Wa nini? Fundi ninaye ndani."

"Mwalimu, usinitanie."

"Sikutanii. Wewe una akili ya kazi, mimi nina mikono. Tukijumlisha, mtu mmoja anapatikana."

Mlango ulipofunguliwa, Fundi Mstari alisimama kizingitini akiwa na mashaka. Alijua atakachokuta. Siku ile alianguka kabla ya kuosha chochote, na brashi isiyooshwa hugeuka kijiti. Mwalimu akalivuta sanduku, akainua kifuniko. Brashi zote zilikuwa safi, nywele zimechanwa, kila moja imezungushiwa gazeti na kufungwa uzi. Rola nazo zilikuwa laini, na visu vya puti vimepakwa mafuta visipate kutu.

"Nani kafanya haya?"

"Wewe ulikuwa bado hospitali," Mwalimu alijibu, akikung'uta turubai. "Miaka thelathini nimekutazama ukiziosha. Nikasema nisiziache zife."

Fundi Mstari aliinama akajifanya anahesabu misasa.

Kazi ikaanza. Yeye alikaa kwenye kiti katikati ya chumba, Mwalimu akafanya. Walikwangua rangi iliyobambuka, wakaziba nyufa kwa puti, ikakauka, wakaipiga msasa mpaka kiganja kikipita hakigundui kitu. Penye unyevu alimwambia akwangue hadi kwenye saruji, na wakaacha siku nzima dirisha likiwa wazi. Rangi ya msingi ilikwenda vizuri. Rangi yenyewe ndiyo iliyoleta maneno.

"Usiizamishe brashi mpaka shingoni! Inadondoka! Nimekwambia mara ngapi?"

Mwalimu akashuka kwenye ngazi, akaiweka brashi juu ya ndoo, akafuta mikono taratibu.

"Nimefundisha watoto wa watu hesabu za sehemu," alisema. "Sijaona hata mmoja aliyeelewa kwa kukaripiwa."

Akatoka. Fundi Mstari akabaki na kuta. Alijua si tone la rangi lililomuudhi. Lililomuudhi ni kumwona mtu mwingine akifanya kazi yake mbele ya macho yake. Akachukua fimbo, akamfuata jikoni.

"Nisamehe, mke wangu. Hasira ni ya mkono, nimeimwagia wewe."

Mwalimu aliutazama ule mkono. Kisha akafungua droo, akatoa taulo kuukuu, akalikata vipande. Alirudi chumbani, akachukua rola ndogo, akauzungushia mpini taulo mara nne hadi ukawa mnene kama hindi, akaufunga kwa kamba. Akamtia mumewe rola mkononi na kumkunjia vidole, kimoja kimoja.

"Mkono mmoja haulei mwana," alisema. "Wa kushoto uushike huu wa kulia. Anza hapo chini. Juu niachie mimi."

Msukumo wa kwanza ulikwenda upogo. Wa pili ulitetemeka. Kufika wa kumi, jasho lilimtiririka puani na kipande cha ukuta, upana wa meza hivi, kilikuwa kimegeuka rangi ya maziwa. Alikitazama sana. Mwalimu, aliyekuwa juu ya ngazi, alijitia hamwoni akifuta macho kwa bega.

Fremu ya mlango aliitolea wazo Fundi Mstari mwenyewe. Kwa kuwa dada haoni vizuri, alisema, fremu ipakwe buluu iliyokolea na swichi izungushiwe buluu hiyohiyo, apate kuviona kwenye ukuta mweupe. Lakini hapo ulitakiwa mstari, na mwenye mstari alikuwa hawezi.

"Leta teepu," alisema.

"Gundi ya waoga?"

"Leta tu, Mwalimu. Waoga nao wana akili yao."

Jumamosi walikuwa ndiyo kwanza wameipa fremu rangi ya mwisho, brashi bado hazijaoshwa, dada akafika na begi moja. Alisimama ukumbini akapepesa macho, kisha akaenda moja kwa moja hadi mlangoni bila kupapasa, akaingia, akanyoosha mkono na kuwasha taa.

"Nimeuona," alisema, kama mtu aliyeokota kitu. "Mlango nimeuona mwenyewe."

Akapitisha kiganja ukutani, akashuka nacho hadi chini. "Huku juu pamelala sawa. Huku chini pana mawimbi. Nani kapaka?"

"Mimi, dada."

"Na huku juu?"

"Wifi yako."

Dada alicheka, akamshika Mwalimu mkono, akaushika na ule wa mdogo wake ulio mzito, akaikalisha yote mapajani mwake alipoketi kitandani. "Mungu awalipe," alisema. "Nilikuja nikijiona mzigo."

Fundi Mstari alitaka kumwambia ni yeye wa kushukuru, kwamba bila ujio wake mlango ule ungebaki umefungwa. Akamgeukia mkewe badala yake, akasema alichoweza:

"Asante kwa kuziosha brashi."

"Nenda kazioshe na hizi za leo," Mwalimu alisema, "kabla hazijakauka."

Akaenda.