Ripoti Moja Iliyobaki

Muuguzi wa wodi ya wanaume aliitwa Kamusi, na jina hilo hakuliomba. Wenzake walimbatiza kwa sababu ukimuuliza jambo asilolijua, hakukuna kichwa kama binadamu wengine. Aliomba dakika tano, akapotelea kwenye chumba cha kompyuta, kisha akarudi na karatasi tatu zilizobanwa pini, uso wake umetulia kama wa hakimu aliyekwisha kula.

Chumba chenyewe hakikustahili heshima hiyo. Kilikuwa stoo ya magodoro, na hadi leo kilinuka mpira. Dirisha lake lilizibwa na kabati lisilofunguka, na kiti kilikuwa na gurudumu moja lililogoma, hivyo kila aliyekikalia aliinama kidogo upande wa kushoto, kama anayesikiliza siri. Lakini kompyuta ilikuwa nzima, na humo ndani ndimo ilimofunguka kanzidata, yaani lile ghala la mtandaoni ambamo madaktari wa dunia nzima huweka ripoti za wagonjwa wao ili wengine wajifunze. Unaandika maneno kwenye kisanduku, unabonyeza, inakupa idadi ya ripoti. Zikizidi, unaongeza neno, zinapungua. Kamusi alikuwa fundi wa kupunguza. Wengine walipata elfu tatu wakakata tamaa. Yeye alizikamua mpaka zikabaki mbili tatu zinazofaa, na Daktari alimsifu mbele ya watu.

Asubuhi hiyo kazi ilikuwa ya nyumbani. Kitanda cha nne alilala Mjomba, kaka wa mama yake, kinyozi kwa miaka thelathini, mtu aliyewahi kuwanyoa hakimu na mshtakiwa wake siku moja na kumsimulia kila mmoja habari za mwenzake. Aliingia jana yake akilalamika kwamba ncha za vidole vya mkono wa kulia ni baridi. Hakuwa na maumivu wala uvimbe, na vipimo vyote vilirudi safi. Ila ukimshika, ulijihisi umeshika kitasa cha chuma alfajiri.

"Mpwa wangu," alisema Mjomba wakati Kamusi akimpima joto, "nikodisheni kwa wauza soda. Mkono huu hauli umeme."

Mama yake Kamusi, aliyekuwa ameketi pembeni ya kitanda akimenya chungwa, alimwambia kaka yake aache upuuzi, wagonjwa wenzake wana njaa ya usingizi. Mjomba akajibu kwamba usingizi hauliwi. Wakaendelea hivyo, kama walivyoendelea tangu utotoni.

Daktari hakucheka. Alimvuta Kamusi kando ya mlango akamweleza kwa sauti ya chini kwamba kuna sindano ya kufungua mishipa, ila ikikosea inaweza kumvujisha mgonjwa damu ndani kwa ndani. Mkutano wa kuamua ni saa nane mchana. Anataka ushahidi, si zaidi ya ripoti tatu.

"Ubaridi huu ukipanda ukafika hapa," alisema, akajigusa kifua kwa kalamu, "pumzi itasimama. Na mashine ya kupumulia hatuna, unajua."

Kamusi alijua. Alikaa kwenye kiti chake cha kuinama saa tatu na robo, akaandika: ubaridi wa ncha za vidole. Ripoti 2,946. Alifungua chache za mwanzo. Zote zilikuwa habari ndogondogo: mwalimu, mshonaji, mama wa watoto wanne, vidole vimepoa siku mbili, vikapona vyenyewe, asante kwaheri. Hakuna hata mmoja aliyelazwa. Akaona hao si wa Mjomba. Akaongeza: mwanaume, zaidi ya miaka hamsini. Zikabaki 318.

Akarudi wodini kupima presha. Mjomba alikuwa amevuta blanketi mpaka mkononi. Ubaridi ulikuwa umefika kwenye kifundo cha mkono.

Kamusi alirudi kwa haraka zaidi kidogo, ule mwendo ambao wauguzi hukana kwamba ni kukimbia. Akaongeza: kinyozi. Alitegemea sifuri, maana vinyozi si watu wa kuandikiwa makala. Zikabaki 27. Akafurahi, Mungu amsamehe. Alizisoma juu juu, na jambo moja likamkereketa: kila ripoti ilikuwa nzito kuliko zile za mwanzo. Hakuna tena aliyepona kwa siku mbili. Alipochungulia wodini, mama yake alikuwa ameshika kiwiko cha kaka yake kwa mikono miwili, anakisugua, na chungwa limelala kwenye shuka nusu limemenywa.

Hapo mtu mwenye akili timamu angesimama. Lakini Kamusi alifunzwa kwamba utafutaji mzuri ni ule unaobana, na saa ilikuwa inasogea kuelekea saa sita. Akaongeza neno la mwisho: mkono wa kulia. Akabonyeza.

Ikabaki moja.

Kichwa cha ripoti hiyo kilisema: Ripoti ya mgonjwa mmoja, mwanaume, miaka 58, kinyozi. Hapakuwa na jina la mwandishi, na pale penye jina la jarida palikuwa peupe. Ubaridi ulianzia ncha za vidole, ukapanda kifundo, ukapanda kiwiko. Sasa umefika begani. Aya ya pili ilisema mgonjwa alikuwa mcheshi, na alimshauri muuguzi, ambaye ni mpwa wake, amkodishe kwa wauza soda kwa kuwa mkono wake hauli umeme.

Chini kabisa paliandikwa Matokeo. Baada ya neno hilo hapakuwa na kitu, ila kile kiduara kidogo kinachozunguka wakati kompyuta inaendelea kupakia.

Alikitazama kikizunguka. Alijiambia kwamba kuna mtu anamtania. Yeye mwenyewe alitoka kwenye ukoo wa watani. Hakuna msiba wa kwao usio na mtu wa kufukuzwa kwa kuchekesha. Basi akafanya jambo ambalo mtafutaji hulifanya akishuku kanzidata inamdanganya: akaweka neno la uongo, lisiloweza kuwepo, aone kama itakubali. Aliandika la kwanza lililomjia, la kitoto kabisa. Ukucha wa kijani, kidole kidogo. Kanzidata ya kweli ingemjibu sifuri.

Ikabaki moja.

Hakuisoma. Alikwenda wodini, safari hii akikimbia bila kukana. Mjomba alikuwa amelala chali, macho wazi, anapumua kwa juu juu. Kamusi alifunua blanketi. Ukucha wa kidole kidogo ulikuwa wa kijani, kijani kibichi cha jani lililooshwa na mvua. Mama yake alisema ameuona sasa hivi, akadhani ni dawa waliyompaka.

"Hakuna tuliyompaka, mama," alisema Kamusi. "Simu yako ina chaji?"

Alimpigia, akamwelekeza aweke simu sikioni asiikate, na mkono wa pili auweke kwenye bega la Mjomba, amwambie tu ubaridi uko wapi. Asimuulize kitu. Mama yake, ambaye katika maisha yake hajawahi kukosa swali, alimtazama usoni akakubali.

Kwenye chumba cha kompyuta kiduara kilikuwa bado kinazunguka, ila taratibu zaidi, kama kilichokaribia kufika. Kamusi alifanya lile ambalo yeyote angeanza nalo: alifuta ubaridi wa ncha za vidole. Akabonyeza. Ikabaki ile ile moja, na ubaridi wote umo ndani yake, umeandikwa vilevile.

"Mama?"

"Umevuka bega." Sauti ya mama yake ilikuwa imekonda. "Umeingia kifuani, upande wa kulia. Nimemwita hajaitika."

Kamusi aliangalia maneno yaliyobaki kwenye kisanduku: mwanaume, zaidi ya miaka hamsini, kinyozi, mkono wa kulia, ukucha wa kijani. Yote yalikuwa Mjomba. Hakuna hata moja lililokuwa ugonjwa. Ndipo akaelewa alichokuwa akikifanya tangu asubuhi. Ule ubaridi ulikuwa wa watu elfu mbili mia tisa arobaini na sita, kila mmoja na kipande chake kidogo cha siku mbili. Yeye ndiye aliyewaondoa mmoja baada ya mwingine, kwa ufundi mkubwa, na kila aliyeondoka alimwachia aliyebaki mzigo wake. Alikuwa ameukusanya wote, akautua juu ya mtu mmoja, kitanda cha nne.

Alirudisha ubaridi wa ncha za vidole. Kisha akaanza kumfuta mjomba wake.

Alifuta ukucha. Ikabaki moja, wala hakushangaa. Alifuta mkono wa kulia. Zikawa 27.

"Umerudi," alisema mama yake. "Umerudi kwenye kiwiko. Unafanya nini huko?"

Alifuta kinyozi. Hilo lilimwuma kuliko alivyotegemea. Aliona kama anamnyang'anya mtu mkasi. Zikawa 318, na mama yake akasema kifundo. Alifuta mwanaume, alifuta miaka hamsini, na kisanduku kikabaki na ule ubaridi mtupu, usio na mtu. Kwenye simu alimsikia Mjomba akikohoa, kisha akiuliza kwa sauti ya kukwaruza nani amemlia chungwa lake.

Kamusi aliweka paji la uso kwenye ukingo wa meza. Alipoinua kichwa, idadi ilisoma 2,951.

Asubuhi ilikuwa 2,946. Akakodoa macho. 2,958. Hakuwa ameshika kibodi. 2,970. Zilipanda moja moja, bila haraka, kama watu wanaoingia ukumbini na kutafuta viti. Orodha ilipangwa ya karibuni kwanza, na kila mara mstari mpya ulipoingia juu, mingine ilishuka. Dereva, miaka 40. Mwanafunzi, miaka 16. Mfagizi wa hospitali, miaka 35. Dirisha lilikuwa limezibwa na kabati, lakini kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona mfagizi wa ukumbi ameegemeza ufagio ukutani, anajipulizia vidole, anavitazama, anajipulizia tena.

Mstari mwingine ukaingia. Mwanamke, miaka 31, muuguzi.

Kamusi alianza kusugua vidole vyake kabla hajamaliza kusoma. Ncha zilikuwa baridi kama kitasa. Hazikuuma. Aliviweka kwapani akasubiri, akijihimiza kwamba ni siku mbili tu, zinapita. Zilipita kwa mwalimu, zilipita kwa mshonaji.

Daktari aliingia saa nane kasoro kumi na mafaili kifuani. Alikuwa ametoka wodini, akasema ni maajabu: mgonjwa anakaa, anabishana na dada yake, ubaridi umebaki kwenye ncha tu. Lakini kesho unaweza kupanda tena, na wakubwa mkutanoni watataka kujua ni nini. Aliinama juu ya bega la Kamusi akatazama skrini.

"Elfu tatu? Mimi nakwenda kwenye mkutano, dada, siendi kuhamia maktaba. Punguza."

Kamusi hakutoa mikono kwapani.

Daktari alidhani hajasikia. Alieleza, kwa upole wa mtu mwenye haraka, kwamba waanze na kitu chepesi. Kazi ya mgonjwa, kwa mfano. Au waweke muuguzi, maana aliona hapo juu kuna muuguzi, huyo angalau atakuwa amejieleza vizuri. Akanyoosha mkono wake kuelekea kibodi.

Kamusi aliuzuia. Aliushika kabisa, mkono wa Daktari, kitu ambacho hakuna muuguzi aliyewahi kukifanya kwenye jengo lile, na wote wawili wakashtuka, kwa sababu vidole vilivyokutana vilikuwa baridi sawasawa.

"Usiongeze neno, Daktari," alisema. "Nakuomba kama mtoto wa watu."

"Sasa nikawaambie nini?"

Kamusi aliitazama orodha. Ilikuwa imefika 3,104, na kwenye mstari wa juu kabisa kulikuwa na daktari, miaka 52. Kidole chake cha shahada kingeweza kumwondoa mtu huyo kwa neno moja. Kingeweza kumwondoa na yeye mwenyewe. Kungebaki wachache, kisha wachache zaidi, na mahali fulani kwenye kitanda ambacho hatakiona kamwe, mtu mmoja asiyemjua angevuta blanketi.

"Waambie sijui," alisema.

Daktari alisubiri, akidhani kuna sentensi nyingine inayofuata. Haikuja. Akafungua faili la kitanda cha nne juu ya meza, akatafuta nafasi ya chanzo cha ugonjwa, akaandika kwamba hakijulikani. Aliandika polepole, kwa hati mbovu kuliko ya kawaida yake, na katikati ya neno alisimama, akabadili kalamu mkono, akaipulizia ile ncha ya kidole iliyokuwa imeishika.