Kanzu Nyeupe Kwenye Nyasi

Mzee Nur alipoletwa Kiplombe, pembeni mwa Eldoret, na bintiye Hodan, alisema amekuja kusalimia tu. Haya, salamu zenyewe zikaingia mwaka wa pili, na begi lake bado liko pale nyuma ya mlango. Nguo zingine zote alishazitoa, ila moja: kanzu nyeupe pe, imepigwa pasi na kukunjwa vizuri, ya kurudia kwao Wajir. Hodan hakuruhusiwa kuigusa, hata kuifua. Mvua ya Eldoret ikianza, ile ya mawe na baridi ya kuingia kwenye mifupa, mzee alivuta marvini yake, ile kofia ya sufu, hadi kwenye nyusi, akalitazama begi. Na Hodan akimwona analitazama, anajua anawaza safari.

Huyo Hodan ana duka la vitambaa mjini, na mume mwenye lori ambaye kumwona nyumbani ni kwa bahati. Mama yake alipofariki alikwenda Wajir mwenyewe kumchukua baba, akamshika mkono na hakumwachia mpaka wakafika. Alimpenda baba yake kupita kiasi, wala hakulionea haya jambo hilo. Alimwita Aabo, yaani baba, naye mzee alimwita yeye Aabo vilevile, maana ndivyo wazee wa Kisomali wanavyowarudishia watoto wao jina. Ukiwasikia kutoka barabarani hujui nani kamzaa nani.

Lakini mtu aliyechunga ngamia tangu utotoni, utamkalisha kwenye sofa afanye nini? Televisheni aliizima. Maziwa ya pakiti aliyaita maji yaliyotiwa chokaa. Hodan akawaza, akawazua, mwisho akanunua ndama jike wa gredi, mbegu ya kizungu, mweusi mwenye baka jeupe usoni. Mzee akamzunguka, akamfunua meno, akamshika masikio, akasema mnyama si mbaya ila wamesahau kumwekea nundu. Kabla jua halijatua alikuwa ameshampa jina, Barwaqo, neema. Asubuhi yake Hodan akamkuta anamwimbia nyimbo za kisimani, zile wanazoimbiwa ngamia wakinywa maji, na ndama kasimama anasikiliza kwa adabu zote.

Hodan alirudi jikoni akalia kidogo kwa furaha. Hata hivyo begi halikutoka nyuma ya mlango.

Sasa, kwenye ploti ile kulikuwa na mkaratusi mmoja mkubwa. Chini yake ni udongo mtupu, mkavu, umepigwa na miguu ya kuku. Na kando ya uzio wa chini kulikuwa na nyasi ndefu zilizofika magotini, mbichi, zenye umande mpaka saa nne. Ukimuuliza mtu yeyote wa Kiplombe amfunge ndama wapi akiogopa kupe, jibu analo. Mzee Nur alimfunga kwenye nyasi.

Usimcheke. Kwao kaskazini, mahali pa kuogopwa ni pale pakavu chini ya mti. Kupe wa kule hapandi juu ya jani, jua litamkausha. Anajificha kivulini, kwenye mchanga na takataka, na ngamia akija kupumzika, kupe akahisi mtikisiko wa miguu na pumzi ya mnyama, anatoka mbio. Anakimbia kweli. Mzee Nur amewaona tangu akiwa kijana, wakitimka mchangani kumfuata mtu na ngamia wake, na mchungaji mwenye akili zake alihamisha kundi mara moja. Kwa hiyo alipouona ule udongo chini ya mkaratusi alitikisa kichwa, akampeleka Barwaqo mbali nao, kwenye nyasi safi. Alikuwa anamkinga.

Cherono, jirani wa upande wa pili, aliona. Akamwambia Hodan taratibu, juu ya uzio, kwamba zile nyasi zina kupe na mzee angemtoa ndama pale mapema. Hodan akamshukuru. Kisha akageuka, akamwona baba yake amechuchumaa kando ya Barwaqo anamkuna shingo, uso umemkunjuka namna ambayo hakuuona tangu msiba. Ataanzaje kumwambia mzee kama huyo kwamba hajui kuchunga? Akameza maneno. Akajiambia atasema kesho, na kesho hiyo ikapita.

Basi ndama akaanza kukohoa. Macho yakamtoka machozi, masikio yakalegea, majani akawa anayanusa tu. Mzee alimfunika blanketi lake mwenyewe, akamwimbia, akakataa chakula mpaka ndama naye ale. Hapo Hodan akaona mzaha umekwisha, akampigia simu Daktari Seline.

Seline ni daktari wa mifugo, mwenyeji wa huko ziwani kwenye joto, aliyezoea baridi ya Eldoret kuliko wenye Eldoret. Alimpima Barwaqo joto, akampapasa tezi chini ya sikio, zimevimba. Akalikunjua sikio kwa ndani. Kupe walikuwa wamejaa mle, wa kahawia, wamebanana. Akasema ni ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe hao, na kwamba wamemwita mapema kiasi, ila hawezi kuapa. Akamdunga sindano. Kisha akauliza ndama analishwa wapi.

Mzee Nur akaeleza kila kitu, kuanzia mchanga wa Wajir. Seline alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akamheshimu kweli, kisha akamwomba waende wote kwenye nyasi. Akainama, akatafuta, akamwonyesha jani moja. Kwenye ncha yake alikuwepo kupe, ameshika kwa miguu ya nyuma, ile ya mbele ameinyoosha hewani. Seline akamwambia mzee ampulizie pumzi. Mzee akapuliza. Kupe akaanza kuipunga ile miguu, anapapasa, anatafuta wa kumshika.

Huyu hakimbii, Seline akaeleza. Huku kuna unyevu, anaweza kukaa juu kusubiri mnyama apite amguse. Akikauka anashuka kwenye mizizi, anapata unyevu wake, anapanda tena. Jua likipiga udongo mtupu kama ule wa chini ya mti, hawezi kuishi. Ukitaka kujua wako wangapi, chukua kitambaa cheupe, kikokote juu ya nyasi, watashika wenyewe na utawaona. Halafu kateni nyasi, na huyu mtoto aogeshwe dawa.

Daktari alipoondoka mzee alikaa kwenye jiwe, mikono imelala mapajani.

"Nimempeleka kwa mkono wangu," akasema. "Mchungaji asiyejua kupe wa mahali ni mgeni wa hapo. Huyu akifa, Aabo, utanikatia tiketi."

Hodan akapiga magoti mbele yake akamwambia ukweli wote: kwamba Cherono alimwonya, na yeye akanyamaza kwa sababu alimwona amefurahi. Alingoja agombezwe. Mzee akamtengenezea mtandio uliokuwa umeteleza.

"Mama yako naye alikuwa hivyo," akasema. "Ananificha jambo asiniumize, halafu analia yeye."

La tiketi hakulifuta.

Siku zilizofuata Hodan alikuwa dukani mwili tu. Anapima vitambaa, anakosea, anapima tena. Alhamisi mchana hakuvumilia, akafunga duka mapema akapanda boda mpaka nyumbani. Akaita mlangoni, kimya. Akachungulia nyuma ya mlango.

Begi lilikuwa wazi. Kanzu haikuwemo.

Hodan akajua ndama amekufa, na baba yake amevaa nguo yake ya safari akaondoka peke yake, bila kuaga, ili asimwone bintiye akilia. Akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, hajui hata anakimbilia wapi.

Chini ya mkaratusi, kwenye udongo mtupu, Barwaqo alikuwa amesimama anatafuna. Alikuwa amekonda, manyoya yamesimama, lakini anatafuna.

Na kule uzioni Mzee Nur, na kikoi chake na marvini yake, alikuwa anatembea polepole kwenye nyasi ndefu. Nyuma yake aliikokota kanzu, ameifunga mkono mmoja kwenye fimbo. Weupe wake wote ulikuwa umepakwa kijani na tope. Kupe walikuwa wameshikilia kila mahali, wadogo, weusi juu ya kitambaa, na mzee anasimama kila baada ya muda kuwabandua na kuwatupa kwenye kopo la mafuta ya taa, huku akiwatukana kwa Kisomali.

Hodan alimkaribia, pumzi hazimtoshi.

"Aabo, hiyo ndiyo kanzu yako ya kurudia nyumbani."

Mzee hakuinua kichwa. Alikuwa anambandua kupe mmoja mkaidi kwenye kola.

"Nimesharudi," akasema. "Shika huo mkono mwingine, inajikunja."

Hodan akaushika.