Nani Atashika Ufunguo wa Boti

Baba yangu alitengeneza lifti maisha yake yote. Kupanda, kushuka, kupanda, kushuka, mpaka akastaafu. Mama alipofariki, akabaki kwenye ile nyumba kubwa akibishana na redio, halafu siku moja akatuita sisi watoto wake watatu akatutangazia kwamba anauza nyumba ananunua boti ya tanga. Ya mtumba. Yenye vitanda na jiko kule chini, akae humo humo mpaka siku zake ziishe.

"Boti?" nikamwuliza. "Wewe ambaye ukipanda kivuko unafumba macho?"

"Nafumba macho nisikie vizuri," akasema. "Ile mashine yao kuna kitu kimelegea."

Haya. Mzee kaamua. Boti yenyewe alikuwa ameshaipata, ya mjane mmoja ambaye mumewe alizunguka nayo baharini mpaka magoti yakamkatalia. Mlingoti mzima, matanga yana viraka, injini ndogo inakohoa. Baba aliikagua mwenyewe, akaugonga ubavu wote kwa mpini wa bisibisi huku ametega sikio, atambue palipooza. Kilichobaki ni aiweke wapi. Na pale itakapowekwa boti ndipo atakapokaa baba yetu, na mtoto atakayekuwa jirani ndiye atakayeitwa akiteleza, akiumwa, akiishiwa gesi. Hakuna aliyelitamka hilo, lakini siku tulipokutana kwangu kulijadili, mezani hapakuwa na mjinga.

Mngemwona mdogo wangu! Ni mhasibu, mtu wa kufunga shati mpaka kifungo cha shingo hata kwenye joto la kuyeyusha lami. Katika wiki moja tu alikuwa amegeuka nahodha.

"Dada, nimechunguza sana," akasema. "Bandari nzuri kwa boti ya aina hii ni hii ya karibu na kwako. Kina kinatosha. Maji yakitoka, boti haikai kwenye tope. Na kuna ukuta wa kuzuia mawimbi."

Kina! Huyu akikuta dimbwi barabarani anakunja suruali mpaka magotini.

Kitindamimba wetu naye ana duka la dawa, na mume ambaye sijawahi kumsikia akimaliza sentensi. Yeye alitaka boti ipelekwe mtoni, kule juu anakokaa mhasibu. "Maji ya mto hayana chumvi, hayali chuma," akasema kwa ile sauti yake ya kumshauri mgonjwa. "Halafu hewa ya kule ni kavu. Nzuri kwa kifua cha Baba."

Kifua cha Baba! Baba hajakohoa tangu nimjue. Iliyokuwa inakohoa ni injini.

Mimi sina tabia ya kuzunguka mbuyu. Niliwaambia wazi kwamba pa kufaa ni ile bandari ya kwa kitindamimba: ina mabafu ya maji ya moto, ina fundi wa matanga, na kuna binti yake mwenyewe mwenye duka la dawa. Mimi ni dobi. Nina mashine tatu za kufua, pasi ya mvuke, na wasichana wawili ambao nikigeuza shingo wanaunguza kola ya mtu. Nafasi ya kukimbizana na boti nitaitoa wapi? Kusema ukweli si dhambi.

Baba alikuwa anakula taratibu. Akatusikiliza wote, akapangusa mdomo, akasema, "Nimewasikia. Tutaanza na hii ya karibu na kwa dada yenu." Mhasibu alishusha pumzi ndefu. Nilimchukia pale pale, na mpaka leo sijamaliza.

Jumamosi tukaenda wote kwa gari langu. Ofisi ya bandari ilikuwa kontena lililotobolewa dirisha, feni juu ya kabati, na ukuta mzima wa funguo zilizoning'inizwa kwenye misumari, kila moja imefungiwa kizibo ili ikianguka majini ielee. Nyuma ya meza alikaa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, anatafuna bigijii. Akamwuliza Baba urefu wa boti, mkuku, ule uti wa chini ya boti, unashuka majini kiasi gani, choo chake ni cha namna gani. Baba akajibu kila kitu bila kusita, nikaona anavyofurahi kuulizwa. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu.

"Vizuri, mzee. Na nani atashika ufunguo?"

"Ufunguo upi?"

"Kila boti ina mtu wake wa nchi kavu," yule mama akasema. "Anakaa karibu, ana ufunguo wa pili. Upepo ukichafuka, kamba ikikatika, au tukiona mwenye boti hajatoka nje tangu asubuhi, tunampigia, anakuja. Bandari zote ni hivyo. Bila mtu huyo hatutoi nafasi."

Baba hakugeuka kututazama. Alikuwa anaangalia zile funguo ukutani, kana kwamba anatafuta yake.

"Mdogo wangu huyu ni mwanamume," nikasema. "Mambo ya kamba na upepo..."

"Mimi nakaa mbali, dada," mhasibu akadakia, kisha akamgeukia yule mama. "Yeye ndiye wa karibu. Hapo tu, nyuma ya kituo cha mafuta."

Yule mama akanitazama, kalamu juu.

"Nina biashara," nikamwambia. "Siwezi kuacha nguo za watu kwenye mashine nikashike kamba. Kwani hapa hakuna walinzi? Mnalipwa kwa kazi gani?"

Kitindamimba akatabasamu lile tabasamu la kutoa dawa chungu. "Si tuweke tu jina la dada, kutimiza utaratibu? Si lazima aje kweli."

Hiyo ndiyo familia niliyopewa. Mmoja ananirushia mpira, mwenzake ananifunga mikono ili nisiurudishe.

"Ni lazima aje," yule mama akasema. Hata bigijii alikuwa ameacha kutafuna.

"Usiandike kitu," Baba akasema, akachukua kofia yake. "Hawa wana kazi zao. Tusamehe kwa kukupotezea wakati, mama."

Njia nzima ya kurudi alikaa mbele kando yangu, na alichosema ni kimoja tu, kwamba pedi za breki zangu zimekwisha upande wa kulia. Hakuna aliyetaja bandari nyingine. Huko nyuma mhasibu alikuwa anapiga mluzi. Nilidhani habari ya boti imekufa, na sitaficha, nilishukuru. Mzee atabaki na redio yake, tutamtembelea tukijaliwa.

Baadaye, siku ambayo dukani kwangu bwana mmoja alikuwa ananipungia suti usoni akidai nimemfutia mistari, Baba akapiga simu.

"Nimepata mahali," akasema. "Yule mama aliyeniuzia boti amekubali kushika ufunguo. Nyumba nimeshakabidhi. Nahamia kesho."

"Hongera, Baba," nikamwambia. "Ngoja nitakupigia."

Suti yenyewe haikuwahi kuwa na mistari. Ukiona mtu anapiga kelele namna ile, ujue hana hela ya kulipa. Nilipomalizana naye nikawapigia wadogo zangu, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mjane! Kumbe mzee ana mambo! Mhasibu akasema amevishwa kilemba cha ukoka, kitindamimba akasema huyo mama atamfyonza kisha amtupe kama kokwa. Tulimsema mwanamke tusiyemjua mpaka tukajisikia watu wema. Kila mmoja alikuwa ametua mzigo, tena bila kuonekana anautua.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja shangazi yetu, dada mkubwa wa Baba, akaingia dukani na begi lake limelowa, akajitupa kwenye benchi la wateja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nipeleke kwa mdogo wangu."

"Baba siku hizi yuko kwenye boti, shangazi."

"Najua yuko kwenye boti. Boti iko wapi?"

"Siyo hii bandari ya hapa," nikaanza, "hapa wana masharti ya ajabu. Ya mtoni haikumfaa, na ile ya kwa kitindamimba..."

"Sikukuuliza asipokuwepo. Nimekuuliza alipo."

Wasichana wangu wakaacha kupiga pasi. Nikampigia mhasibu. "Si alikwambia wewe?" akasema. Nikampigia kitindamimba. Alidhani kaka anajua. Nikampigia Baba mwenyewe, na simu yake haikupatikana. Nje mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nililazimika kuziba sikio la pili. Hapo nikaogopa. Niliogopa kweli.

"Huyo mama aliyemuuzia anaitwa nani?" shangazi akauliza.

Nikatikisa kichwa.

Alinitazama kama mtu anayetazama doa analojua halitatoka. Akavuta begi lake, akasimama. "Wote watatu mna simu nzuri," akasema. "Na huyo mnayemcheka ndiye peke yake anayejua kama baba yenu ameamka leo."

Akatoka na mvua ile ile. Nikapiga tena namba ya Baba, kisha tena, na ile sauti ya mashine ikaniambia mtu ninayemtafuta hapatikani kwa sasa.